Nakuomba Unenepe

Nalufenya, Jinja
18 Julai 1996

Kwa Dada Shamim,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe, shemeji Rajab, Zaituna, na zaidi ya wote Mama. Mimi nilifika Jinja salama. Nyumba ya marehemu baba bado inavuja upande wa jikoni, ila fundi ameshaanza kubadilisha mabati. Majirani wamenipokea vizuri. Nyumba ya pili yupo nesi mmoja, Gorreti, ambaye jioni akitoka kazini hupita kunijulia hali.

Dada, nilisema nitakaa kwako wiki mbili, nikaondoka siku ya nne. Hukuniuliza kwa nini, nami sikusema. Shemeji alikuwa anaingia na kutoka, na maneno mengine hayasemeki mbele ya wanaume. Sasa nayasema.

Ulinipakulia pilau sahani nzima, nikala vijiko vitatu, nikaiweka chini. Niliona ulivyoiangalia ile sahani. Halafu Mama akanishika mkono, akaupapasa kutoka kiganjani mpaka begani kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka pale zamani, akaanza kulia. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Wewe ulitoka ukaenda uani.

Sikiliza, siumwi. Unakumbuka mliponisindikiza Entebbe nilikuwa na mwili kiasi gani. Kule London, katika kazi yangu ya kuwapikia wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa, nilizidi kunenepa hadi magoti yakakataa kunibeba, na sukari ikapanda. Daktari akaniambia nikiendelea hivyo sitafika miaka hamsini. Mwezi wa tatu mwaka huu nikapasuliwa. Hawakunitoa ugonjwa wowote. Walilitenga tumbo, wakaniachia kipande kidogo tu cha kupokea chakula, sawa na finjani ya kahawa, na utumbo wakauunganisha hapo. Ndiyo maana nilikula vijiko vitatu. Cha nne kingerudi mbele yenu. Na chai yako yenye sukari nyingi niliiacha kwa sababu ikinishukia upesi moyo unaenda mbio, jasho linanitoka, nalazimika kulala chini.

Kwa kuwa siwezi kula nyama na maharage ya kutosha, nakunywa. Ule unga mweupe wa kwenye kopo, uliounusa kisha ukaufunika haraka, si dawa. Ni protini iliyotolewa kwenye maziwa. Naukoroga na maji, nakunywa kidogo kidogo kuanzia asubuhi mpaka usiku. Mwili ukikosa protini unaanza kula nyama yake wenyewe. Bila unga ule ningekuwa nimeshaanguka.

Nisaidie mambo mawili. Mweleze Mama vizuri, maana mimi akiniona tu analia. Na huko Mbale kwenye maduka ya jumla niangalizie unga wa soya na maziwa ya unga, kwa sababu makopo yangu yanapungua na yakiisha sijui nitapata wapi mengine.

Nakusalimu sana. Mwambie Zaituna mama yake mdogo anampenda.

Mdogo wako,
Ramlah


Mbale
5 Septemba 1996

Mdogo wangu Ramlah,

Waaleikum salaam. Barua yako ilifika mapema, kuchelewa ni kwangu mimi. Huku tuko wazima kiasi. Mvua za mlimani zimeharibu barabara, na shemeji yako analalamika mzigo wa sabuni umekwama Busiu siku nzima. Mama alianguka uani mwezi uliopita. Mdomo umemwelemea upande mmoja na maneno yanatoka mazito, lakini daktari anasema presha imeshuka. Anatafuna polepole sana. Chakula kinabaki shavuni hadi nimkumbushe ameze.

Habari njema ni kwamba Zaituna ameposwa. Ni watu wa mzee Sulait, wale wenye duka la vitambaa karibu na msikiti. Kijana wao anaitwa Yakub, ni mtulivu, haangalii watu usoni. Harusi itakuwa baada ya Idd, Mungu akipenda.

Barua yako nilimsomea Mama yote. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo amesema ni nini?" Nikaikunja barua.

Ramlah, mimi sikusafiri kama wewe, lakini nimezika watu. Katika mtaa huu peke yake nimeosha maiti za wanawake ambao niliwajua wakiwa na mashavu. Najua inavyoanza. Mabega yanatokeza, nywele zinapungua, chakula hakipiti. Na hakuna hata mmoja aliyesema ni ule ugonjwa. Mmoja alisema malaria, mwingine alisema karogwa, mwingine kifua. Wewe umesema umekatwa tumbo ili ukonde. Huku watu wanahangaika kupata mwili, sasa ni nani anayelala kwenye kitanda cha hospitali autoe kwa kisu?

Sikulaumu. Nasema tu mimi ni dada yako, nilikubeba mgongoni kule kambi ya askari wakati baba yuko zamu. Kwangu mimi huna haja ya kutunga hadithi.

Majirani wakiniuliza nasema una presha kama Mama. Kile kikombe cha bluu ulichokuwa ukinywea nimekiweka juu ya kabati, peke yake, kisije kikavunjwa na mtu.

Nakutumia soya kwa mkono wa dereva wa shemeji yako.

Dada yako,
Shamim


Nalufenya, Jinja
15 Septemba 1996

Dada Shamim,

Asalaam aleikum. Soya imefika, ahsante. Nimehuzunika sana kuhusu Mama, na nimefurahi kuhusu Zaituna. Namtumia kitambaa cha hariri nilichomnunulia London kabla hata hajaposwa. Ni cha rangi ya dhahabu iliyofifia. Siku ile nataka nimvishe kwa mikono yangu.

Sasa hicho kikombe. Dada, vikombe vyako vyote vinakaa kwenye beseni, vinavunjika na kununuliwa vingine. Hiki changu tu ndicho kinachoogopewa kuvunjika? Ungeandika neno lenyewe. Slimu. Ukimwi. Ni herufi chache tu. Hapa Jinja wanalitaja sokoni mchana kweupe.

London walinipima damu kabla ya kunipasua. Haikuwa na kitu. Juzi Gorreti alinipeleka tena kupimwa hapa mjini, si kwa sababu nina shaka, bali kwa sababu yako. Majibu yametoka. Sina. Karatasi yenyewe imo humu ndani ya bahasha. Msomee Mama. Msomee na shemeji.

Ni kweli nywele zinadondoka. Nikichana asubuhi nazikuta kwenye kitana kama manyoya. Daktari aliniambia mapema kuwa miezi ya mwanzo itakuwa hivyo, na kwamba nikishika protini zangu zitarudi. Kwa hiyo nazishika. Nikiamka nakunywa ya kopo. Baadaye maziwa ya unga niliyoyakoroga mazito. Mchana Gorreti amenifundisha kukaanga mukene wakavu, wale dagaa wa ziwani, kuwatwanga hadi wawe vumbi, na kuwachanganya kwenye uji wa soya. Harufu yake inafukuza paka wote wa jirani, lakini inanisimamisha. Na kila mwezi ananichoma sindano ya vitamini, maana tumbo langu hili haliwezi tena kuichukua kwenye chakula. Hii ni kazi, Dada. Mtu anayejiandaa kufa hajisumbui hivi.

Niambie tarehe ya harusi.

Ramlah


Mbale
20 Novemba 1996

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Tuko salama. Bei ya sabuni imepanda, shemeji yako halali. Kitambaa kimefika, Zaituna amekilaza kitandani mwake na kulala nacho. Anakushukuru.

Ile karatasi niliisoma. Nilimpa na shemeji yako. Akaisoma mbele na nyuma, akasema, "Hii nitambandika mgongoni aingie nayo harusini? Watu hawasomi karatasi, wanaangalia macho." Nimekuandikia alivyosema, usinichukie mimi.

Mke wa mzee Sulait alikuja wiki iliyopita kunywa kahawa. Akazunguka mbali, akauliza habari za Mama, akauliza habari za mvua, kisha akasema, "Na yule mdogo wako wa Ulaya, naye hajambo? Nasikia anakunywa dawa nyeupe kutwa." Nilikuwa nammiminia kahawa, ikamwagika kwenye mkeka. Unajua watu wanavyosema. Wanasema kwenye nyumba akiwamo mmoja, watafuata wengine. Wanaweza kurudisha posa kesho, na Zaituna atakaa humu ndani hadi azeeke.

Kwa hiyo nina ombi moja. Usikasirike. Nakuomba unenepe. Kama ni kweli ulitaka mwenyewe kukonda, basi sasa taka kunenepa. Hata kidogo tu, usoni na mabegani, mpaka harusi ipite. Nakutumia samli safi kutoka kwa watu wa mlimani. Weka kwenye kila kitu. Kama ikishindikana, utavaa gauni juu ya gauni, na ushungi mkubwa.

Mama hali tena ugali wala wali. Nampa chai ya sukari na uji mwepesi, naye anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Mifupa ya shingo imeanza kuonekana. Nikimwogesha nageuza uso.

Dada yako,
Shamim


Nalufenya, Jinja
27 Novemba 1996

Dada Shamim,

Salamu. Samli yako niliiweka kwenye uji, vijiko viwili, kwa ajili ya Zaituna. Gorreti alinikuta kwenye sakafu ya bafu nimejikunja, nimelowa jasho, nimejichafua. Alinisafisha kama mtoto. Siwezi kunenepa kwa ajili ya posa, Dada. Nilipokuwa mnene magoti yalinilaza kitandani, sasa nimekuwa mwembamba mnaniweka juu ya kabati.

Nilitaka barua hii iwe ya kugombana. Lakini nimefika mahali ulipoandika habari za Mama, na ugomvi umeniishia.

Shika kalamu, na uandike kila neno. Mama asipewe chai wala uji mwepesi. Kitu chepesi kama maji kinateleza kwenda kwenye pumzi, ndiyo maana anakohoa. Mpe uji mzito, unaosita kwenye kijiko. Na uji mtupu haumjengi, unajaza tumbo tu. Chukua soya, weka maziwa ya unga mengi kuliko unavyodhani, vunja yai ndani wakati bado unachemka, ukoroge hadi lipotee. Twanga mukene, chekecha kwa kitambaa, tia kijiko. Mkalishe wima kabisa, mto nyuma ya mgongo. Kijiko kimoja, ungoje ameze, umtazame koo, ndipo kingine. Akichoka muache, urudi baada ya saa moja. Usimlaze baada ya kula. Hiki ndicho ninachokunywa mimi, na ndicho nilichowalisha wazee wa London miaka tisa. Walikuwapo waliokuja midomo imepinda kama ya Mama na wakarudi kuomba nyama.

Bora zaidi, niruhusu nije. Sitakaa sebuleni. Nitakaa chumbani kwa Mama, mlango umefungwa, wageni wako hawataniona. Kazi hii naijua, na wewe umechoka. Nakuona kwenye mwandiko wako ulivyochoka.

Nijibu upesi.

Ramlah


Mbale
19 Desemba 1996

Ramlah,

Salamu. Mama yuko vile vile, anakusalimu. Daktari amesema apumzike, asione wageni wengi. Wakwe wanaingia na kutoka humu kila siku kwa mipango ya harusi, hakuna mlango unaofungika.

Njoo baada ya Idd, harusi ikishapita. Si muda mrefu.

Maelekezo ya uji nimeyaona.

Shamim


Nalufenya, Jinja
6 Januari 1997

Dada Shamim,

Sijui kama umeambiwa, kwa hiyo nakuambia. Jumamosi nilikuja Mbale.

Sikutaka kukuvunjia neno lako. Lakini uliandika "maelekezo ya uji nimeyaona," hukusema umeyafuata. Nilipiga simu dukani kutoka posta mara mbili, shemeji akasema hupo. Nikachukua makopo mawili ya protini, ya mwisho niliyokuwa nayo, nikapanda basi.

Sikuja nyumbani moja kwa moja. Nilipita dukani kwanza, kwa heshima. Shemeji Rajab alinitoa haraka mbele ya wateja, akanikalisha stoo, juu ya magunia ya chumvi. Akaniletea soda baridi. Nikaishika tu mkononi.

"Shemeji," nikamwambia, "nataka kumwona Mama."

"Amelala."

"Nitangoja aamke."

"Leo analala sana." Alikuwa anaangalia mlango, hakuniangalia mimi. "Hebu kunywa soda yako."

"Siwezi soda, shemeji. Tumbo langu…"

"Ndiyo, ndiyo. Tumbo." Akavuta kiti akakaa, akapunguza sauti. Hakuwa mkali. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mkali. "Ramlah, mimi nakuheshimu. Ukipona, nyumba ni yako. Lakini hawa watu wa Sulait wapo pale sasa hivi ninavyoongea na wewe, wake zao wamejaa uani wanachambua mchele. Unataka wakuone ukipita?"

"Sina ugonjwa, shemeji. Karatasi uliisoma."

"Niliisoma," akasema. Basi.

Nikamwomba jambo moja tu, makopo yale yafike kwako leo hii, umkorogee Mama mazito, kijiko kimoja kimoja. Aliyapokea kwa mfuko wa plastiki, bila kuyagusa. Kisha akanisindikiza mwenyewe mpaka stendi, akangoja hadi basi likaondoka. Nilitazama nyuma kupitia dirishani. Alikuwa anapangusa mikono kwa kitambaa.

Dada, sasa mimi nakunywa soya na mukene peke yake. Sijutii, mimi nina meno, ninaweza hata yai la kuchemsha na kipande cha samaki. Mama hana njia nyingine. Kopo moja likitumiwa vizuri lingemrudishia nguvu ya kumeza, la pili lingemkalisha. Yafungue. Nionee hasira mimi, lakini yafungue.

Ramlah


Nalufenya, Jinja
10 Februari 1997

Dada,

Idd Mubarak kwenu nyote. Sikuweza kufunga mwaka huu. Nilikuwa nakunywa vikombe vyangu ndani, dirisha limefungwa, ili watoto wa jirani wasinione.

Nywele zimeanza kuota. Ni fupi na laini kama za mtoto.

Mama anaendeleaje? Anameza? Sijapata neno kutoka kwako tangu Desemba. Mwambie nimemwombea. Mwambie nakuja mara harusi ikipita, na nitamletea samaki wa ziwani niliyemtwanga mwenyewe.

Ramlah


Mbale
3 Machi 1997

Mdogo wangu Ramlah,

Asalaam aleikum. Nimeianza barua hii mara nyingi.

Harusi imepita salama. Zaituna ameshakwenda kwake. Alivaa kile kitambaa chako cha dhahabu, watu walisifu. Aliuliza nani atamvisha, nikamvisha mimi.

Mama hatunaye. Alituacha tarehe 29 Januari, katika kumi la pili la Ramadhani, asubuhi. Tulimzika siku ile ile, unajua maiti haingoji. Redioni hatukutangaza.

Najua utauliza. Nitakujibu mara moja, usiniulize tena. Hakuteseka sana mwisho. Alikuwa mwepesi. Nilimwosha mimi na Nambozo jirani, na Nambozo alisema, "Huyu hata mtoto angembeba." Makopo yako sikuyafungua. Yalikuja, niliyaona, nikayaweka. Kwa miezi yote wewe ulikuwa unakunywa kitu kile na nilipokuona ulikuwa umebaki mifupa. Ningempaje mama yangu kinywaji kile? Ungekuwa wewe mahali pangu, ungempa? Jiulize kwa haki.

Sikukuita mazishini kwa sababu nyumba nzima ya mzee Sulait ilikuwapo, wanaume na wanawake, na zilikuwa zimebaki wiki tatu harusi ifanyike. Wazee walisema isisogezwe. Nilimpoteza Mama siku ile. Sikuwa na nguvu ya kumpoteza na Zaituna. Wewe huna mtoto, Ramlah. Sisemi kukuumiza, nasema kwa sababu ndivyo ilivyo.

Na mimi nina uchungu wangu. Ungeniambia ukweli mwezi ule wa saba, ukaniambia, dada, nimerudi nyumbani nife, ningekuficha chumbani kwangu na kukuuguza kwa mikono hii, na Rajab asingenizuia. Nimeuguza watu baki. Lakini ulikuja na hadithi ya tumbo na makopo, ukataka tuishi ndani ya hadithi hiyo pamoja nawe. Hilo ndilo lililonifunga mlango.

Njoo sasa, kama una nguvu. Njoo siku ya kazi. Tutakwenda kaburini wawili tu.

Dada yako,
Shamim


Nalufenya, Jinja
17 Machi 1997

Shamim,

Nilikuja Alhamisi. Sikupita kwako.

Kutoka stendi nilitembea kwa miguu mpaka makaburini. Ni mbali, kuna ule mlima mdogo, na jua lilikuwa kali. Magoti yalinibeba bila maumivu. Zamani ningekaa chini mara kumi. Nilikuwa nikiwaza njia nzima kwamba Mama hakuwahi kuniona nikitembea hivi. Aliniona nimekaa tu, akanipapasa mkono.

Nilimkuta mwanamume anafyeka majani, akajitaja kuwa Masaba. Akaniuliza, "Unatafuta nani, mama?"

"Natafuta kaburi la mama yake Shamim. Shamim wa Rajab, mwenye duka la sabuni."

"Ah, yule bibi wa mwezi wa Ramadhani. Namjua, nililichimba mimi. Wewe ni nani kwake?"

"Mtoto wake."

Akasimama, akaegemea panga lake. Alinitazama usoni, si mwilini. "Mtoto wake ni Shamim."

"Nami ni mdogo wake Shamim. Tuko wawili."

"Walikuwa wawili," akasema. "Yule mdogo alifia Ulaya. Siku tuliyomzika bibi, shehe aliomba kwa ajili ya wote wawili. Akasema Mungu amrehemu mama huyu, na amrehemu binti yake aliyemtangulia ugenini. Mke wa Rajab alikuwa amewaambia watu wote. Watu walimwonea huruma sana, kufiwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja."

Sikubishana naye, alikuwa anasema alichosikia. Nilimwomba anionyeshe kaburi, akanionyesha, akaenda kufyeka upande mwingine ili niwe peke yangu. Nililia mpaka nikatapika maji, kwa sababu tumbo langu halina nafasi ya vitu viwili. Halafu nikakaa kando ya Mama, nikafungua chupa yangu, nikanywa taratibu, kijiko kimoja kimoja kama nilivyotaka anyweshwe. Nilikunywa yote. Ilinichukua mchana mzima.

Uliandika kurasa tatu mwezi huu. Uliniambia nani alimwosha, ulisema nani alisifu kitambaa. Jambo hili hukuliandika. Ulisema njoo siku ya kazi, tutakwenda wawili tu. Sasa nimeelewa kwa nini wawili tu.

Uliniuliza kama ningempa Mama, nikiwa mahali pako. Ningempa, Shamim. Ningeonja mimi kwanza, mbele yake, halafu ningempa.

Miezi yote hii nilikuwa nakunywa na kuhesabu vikombe na kuvumilia harufu ya mukene ili nisife, na nilikuwa naona kama nafanya hivyo kwa ajili yenu, ili siku moja nije nikae kwenye mkeka wako nikiwa na mashavu. Wewe ulikuwa umeshanizika. Nitaendelea kunywa. Gorreti amenizoea, na nyumba ya baba haivuji tena.

Usinijibu. Karani wa posta anakujua, ni mtu wa msikiti wenu. Akiona jina langu kwenye bahasha atakuuliza unamwandikia nani, nawe utamjibu nini?

Zaituna ningemtumia salamu za ndoa, lakini atataka kujua zimetoka wapi.

Ramlah